Jalada la Paka wa Mama

Mama alitangaza mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba anakwenda kumtembelea mdogo wake ng'ambo ya ziwa kabla mvua hazijaanza, na kwamba haendi bila paka wake. Tulikuwa mezani, hapa nyumbani Matogoro, tunakula ugali na maharage. Mke wangu aliendelea kula. Mimi ndiye niliyeweka tonge chini.

"Mama," nikasema, "ng'ambo ya ziwa ni nchi nyingine."

"Najua. Nilizaliwa huko."

"Paka hawezi kuvuka mpaka hivihivi. Kuna taratibu."

Mama alinitazama kama anavyotazama mahindi yaliyoingia wadudu. "Basi zifuate," akasema, akanyoosha mkono kwenye bakuli la mboga.

Hapa inabidi nieleze kazi yangu. Mimi ni mtu wa masijala. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimetunza majalada katika ofisi moja ya serikali mjini Songea. Wakubwa huja na kuhamishwa, wengine hustaafu, wengine husimamishwa; majalada hubaki, nami hubaki nayo. Mtu akija analia kwamba kiwanja chake kimepewa mwingine, simpi pole, nampa namba ya jalada, na nimeona wengi wakiondoka wametulia kabisa. Mke wangu huwaambia watu kwamba hata siku niliyokwenda kwao kuposa nilikuwa na bahasha ya kaki kwapani. Ni kweli nilikuwa nayo. Ninachokataa ni namna anavyoisimulia.

Mama ni Mnyasa wa upande wa pili, kutoka kijiji kilicho karibu na Nkhata Bay. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa Mngoni wa Maposeni. Ujanani alivuka kwenda kutafuta kazi, akamkuta mama, akarudi naye kwa mashua bila karatasi yoyote. Baba alipofariki nilimleta mama kwangu mjini. Alikuja na godoro na jembe. Mwaka uliofuata paka mmoja wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika, akatokea kwenye stoo ya mkaa na hakuondoka tena.

Mama alizungumza naye Kinyasa. Ukimwita paka yule kwa Kiswahili, hata kama umeshika kichwa cha samaki, alikutazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Mama akitamka neno moja la kwao, alikuja mbio. Katika nyumba ile ya watu sita, ni paka tu aliyekuwa akizungumza na mama lugha yake. Naliona hilo sasa. Wakati ule nilikuwa nawaza kibali.

Jumatatu asubuhi nilimfungulia paka jalada. Barua ya kwanza niliiandika mwenyewe, nikaisahihisha mara mbili: "YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUMSAFIRISHA PAKA DUME MMOJA (1) KWENDA NJE YA NCHI KWA NJIA YA MELI." Niliipeleka ofisi ya mifugo. Daktari wa mifugo, mama mmoja mtulivu aliyehamia kwetu kutoka Kanda ya Ziwa, aliisoma mpaka mwisho, akaigeuza kutazama nyuma, kisha akaniuliza kama kuna mtu amenituma kumpima.

"Hakuna," nikasema. "Ni paka wa mama yangu."

"Kaka, watu wanavuka na paka kila siku."

"Wana vibali?"

Alishusha pumzi. Akanieleza kwamba paka atahitaji cheti cha afya, na kabla ya cheti achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikamuuliza kama hakuna ya kichaa cha paka, kwa kuwa jalada langu lilikuwa la paka. Akasema hakuna. Niliandika hilo pembeni ya barua, na tarehe.

Siku ya chanjo mama alimbeba paka kwenye kikapu. Daktari alipofungua kifuniko akakwaruzwa mkono, nami nilipokwenda kusaidia nikakwaruzwa shavu. Mama aliinama, akasema maneno matatu manne ya kwao, na paka akalala chali kwenye meza ya daktari kama mgonjwa wa kulipia. Daktari akachoma sindano, akamtazama vizuri, akajaza cheti. Fomu aliyokuwa nayo ilikuwa ya ng'ombe, maana za paka hazikuwahi kuletwa. Pembe: hana. Alama ya moto: hana. Penye matumizi ya mnyama palikuwa na nyama, maziwa na kazi.

"Niandike nini hapa?" akauliza.

"Kazi," mama akajibu. "Anakamata panya. Kuna watu wana mishahara hawakamati chochote."

Hati ya kusafiria ya mama mwenyewe ilipatikana asubuhi moja. Tulikwenda, akapigwa picha, akaweka dole gumba, tukarudi kupika. Karatasi za paka zilichukua wiki tatu. Kila jioni nilirudi nyumbani na habari mpya, ipi imesainiwa, ipi imerudishwa, nikamsimulia mama wakati anachambua maharage. Alikuwa akiitikia. Mara mbili alianza kuniambia jambo. "Mwanangu, kuhusu safari hii," akasema mara moja. Nikamkatiza, nikamwambia asiwe na wasiwasi, kibali cha mkoa kimeshaingia kwenye mkoba wa barua. Akaendelea na maharage yake.

Tulisafiri mimi, yeye na paka kwa gari la jirani aliyekuwa anakwenda kuchukua samaki Mbamba Bay. Mpaka Mbinga paka alitulia. Kuanzia kule kwenye milima ya kahawa, barabara inapoanza kujikunja kuteremkia ziwani, alilia kila kona. Mama alikuwa amekipakata kikapu, mkono juu yake, akawa anamwimbia kwa sauti ndogo. Ziwa lilipoonekana chini, jeupe kwa jua, akaacha kuimba. Nilidhani amechoka.

Bandarini meli ilikuwa imeshafunga kamba na abiria wanapanda. Ilikuwa meli ndogo ya mizigo na watu, na mzigo mwingi ulikuwa na roho. Kulikuwa na matenga ya kuku, bata waliofungwa miguu, na mwanamume mmoja anayevuta mbuzi wawili huku akizungumza na simu. Wote walipita mbele ya mlango wa ofisi ya ukaguzi wa wanyama, na mlango ulikuwa wazi. Nilimwambia mama akae kwenye benchi na wanawake wa kuku, nikashika jalada langu, nikaingia.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, miwani kwenye paji la uso, anamenya chungwa.

"Nimeleta paka," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Yuko nje, kwenye kikapu. Hili ni jalada lake."

Aliliweka chungwa chini. Akafuta mikono kwa gazeti, akashusha miwani, akafungua jalada ukurasa wa kwanza, akasoma. Akasoma wa pili. Nikamwona usoni akibadilika, na kwa kuwa mimi ni wa kazi hiyo nilimjua. Yule hakuwa tena mtu anayemenya chungwa. Alikuwa mtu aliyeletewa jalada.

"Mzee wangu," akasema baada ya muda, "kuna hoja hapa."

"Hoja gani?"

"Kibali kinasema paka dume. Cheti cha afya na chanjo kinasema paka jike." Aliziweka karatasi mbili sambamba juu ya meza, akazinyoosha kwa kidole. "Kwa hiyo wako wawili. Kuna dume mwenye kibali ambaye hajachanjwa, na kuna jike aliyechanjwa ambaye hana kibali. Hakuna hata mmoja ninayeweza kumpitisha."

Ningependa kusema kwamba nilikasirika. Ukweli ni kwamba nilimheshimu. Ningekuwa nimekaa kwenye kiti chake ningesema hivyohivyo, na pengine ningesema kwa furaha zaidi.

Nilitoka nje nikamwendea mama. "Mama, paka huyu ni dume au jike?"

Wanawake wa kuku waligeuka wote.

"Jike," mama akasema. "Amezaa mara mbili chini ya kitanda changu. Watoto wake tumewagawia majirani. Mara ya pili ilikuwa Jumapili, wewe ulikuwa sebuleni unasoma gazeti."

Nilirudi ndani na taarifa hiyo. Mkaguzi akasema taarifa ya mdomo haiwezi kuingia kwenye jalada, nikakubali kwamba haiwezi. Inatakiwa barua ya masahihisho. Dirishani nyuma yake wale mbuzi wawili walikuwa wanapanda ngazi ya meli, mmoja anasukumwa makalio.

"Na wale?" nikauliza.

"Wepi?" akasema bila kugeuka.

"Wale mbuzi."

"Wale hawajaletwa ofisini." Alivua miwani, na kwa mara ya kwanza akazungumza nami kama binadamu. "Ungepita na kikapu, kaka yangu, mimi ningeona kikapu. Lakini umeniletea paka mezani, na folio zake zenye namba, na mihuri. Nifanyeje?"

Nilikimbilia steshenari pekee iliyokuwa karibu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikanunua karatasi, nikaamua kuandika kwa mkono. Nakala ya kwanza niliiharibu kwa sababu niliandika "jike" mahali pa "dume" na "dume" mahali pa "jike", ikawa nimesahihisha kosa kwa kulirudia. Ya pili niliona haina kumbukumbu namba. Nilikuwa kwenye ya tatu, nimefika "Tafadhali rejea barua yangu ya awali", meli ilipopiga honi.

Nilitoka mbio na kalamu mkononi. Benchi lilikuwa tupu. Mwanamke mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga akaniita. "Wewe ndiye unayeandika?" akauliza. Nikasema ndimi. "Mama yako anasema ukimaliza utamkuta huko."

Meli ilikuwa imeshaachana na gati. Nilimwona mama amekaa upande wa nyuma, kati ya matenga ya kuku, kitenge chake cha bluu kimefunika kikapu mapajani. Nilipunga mkono. Yeye hakupunga, maana mikono yote miwili ilikuwa juu ya kikapu. Mkaguzi alikuja akasimama kando yangu, anakula lile chungwa.

"Mama ameondoka na kikapu," akasema. "Kikapu nimekiona."

Tukatazama meli ikienda. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba jalada bado lina hoja.

Alasiri ile nilimpigia mke wangu simu.

"Mmefika?" akauliza.

"Mama ametangulia."

"Ametangulia vipi?"

"Amepanda meli. Mimi nimebaki."

"Na paka?"

"Naye ametangulia."

"Sasa wewe umebaki na nini?"

Nikatazama kwapani. "Na jalada."

Alicheka mpaka nikaondoa simu sikioni, na alipojaribu kusema kitu akacheka tena, akakata. Sikucheka. Simu ya mama haikupatikana, na mwanamke wa umri wake alikuwa peke yake katikati ya maji kwa sababu mwanawe hakujua jinsia ya paka wa nyumbani kwake. Asubuhi ya pili ndipo mama mdogo, yule mdogo wake mama, alinipigia kwa namba ya huko. Wamefika salama, akasema. Mama amelala, paka amelala, na wameshaniwekea samaki ambao anaona hawatanisubiri.

Meli nyingine ilikuwa ya siku tano baadaye. Kurudi Songea niliona aibu, nikabaki Mbamba Bay kwenye nyumba ya wageni. Siku ya tatu umeme ulirudi. Nilipiga chapa barua ya masahihisho, mkaguzi akaisaini, akagonga muhuri, akafunga jalada na kunikabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa amependa kazi yenyewe, nadhani. Lilikuwa jalada safi kuliko yote niliyowahi kuyashika: kila folio mahali pake, hoja imejibiwa, mihuri mitano. Paka wake alikuwa nje ya nchi tangu Jumanne.

Ni katikati ya ziwa, nimekaa juu ya gunia la mchele wa mtu, ndipo akili ilinijia. Nilikuwa nimebeba ushahidi. Mtu yeyote akilifungua lile jalada upande wa pili ataona kwamba kuna paka wa kuingia kwa kibali, ataniuliza paka yuko wapi, na jibu la kweli ni kwamba mama yangu mzazi amemwingiza chini ya kitenge. Nilitazama kulia na kushoto, nikachomoa shati, nikalisukuma jalada tumboni, nikafunga mkanda juu yake.

Nkhata Bay afisa wa forodha aliniuliza kama nina chochote cha kutangaza. Katika utumishi wangu wote sijawahi kumdanganya mtu mwenye muhuri.

"Sina," nikasema.

"Unaumwa?" akaniuliza, maana nilikuwa nimesimama wima kama mlingoti na jasho linanitoka.

"Ni safari," nikajibu. Akanipisha. Nyuma yangu alipita mtu na kuku kumi, akisalimiana na afisa kwa kicheko.

Nyumba ya mama mdogo iko juu kidogo ya ufuko, na mbele yake kuna vichanja vya kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwa. Niliwakuta wanawake wawili wamekaa mkekani, wamenyoosha miguu kwa namna moja, wanazungumza kwa kasi ambayo sikuwahi kumsikia mama akizungumza nyumbani kwangu. Paka alikuwa chini ya kichanja, tumbo limejaa, hana hata nguvu ya kutazama aliyekuja. Nikawaamkia. Mama mdogo akaenda kunitengea maji ya kuoga. Nikatoa jalada tumboni, nikaliweka mkekani.

"Limekamilika," nikamwambia mama.

"Vizuri," akasema. Aligusa jalada kwa kidole, akaacha. "Sasa kaa. Mimi sirudi, mwanangu."

Nilidhani anasema hatarudi na meli ijayo. Nikaanza kumweleza kwamba kibali cha paka ni cha mwezi mmoja, hakuna haraka.

"Sirudi," akasema tena. "Mdogo wangu yuko peke yake tangu azike mumewe. Mimi kule kwako nina nyumba nzuri, mkeo ananitunza, sina malalamiko. Lakini ikifika jioni najikuta sina wa kumwambia neno. Baridi ya Matogoro nayo inaniingia magotini. Baba yako nilishakwenda kumuaga."

Nikakumbuka kwamba Jumapili ya mwisho aliomba apelekwe Maposeni, alikozikwa baba, kusali, mke wangu akampeleka, mimi nikabaki napanga viambatisho. Nikakumbuka kwamba jembe lake alimpa jirani wiki ileile, nami nikamwambia jirani asisahau kulirudisha.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Nilianza kukwambia mara mbili." Hakuwa na hasira. "Halafu nikaogopa. Nikasema, huyu nikimwambia nahama kabisa, atanifungulia jalada na mimi."

Nilitaka kukataa, nikashindwa, kwa sababu alipokuwa anasema nilikuwa nimeshaanza kufikiria mama atahitaji karatasi zipi. Aliniona. Akacheka, akanipiga paja kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, na mimi nikacheka, kisha macho yakanijaa, nikajifanya natazama ziwa.

Nilikaa kwao siku sita. Sikuandika chochote. Nilibadilisha bati moja lililokuwa linavuja, nikajifunza kugeuza usipa juani, na mama akanifundisha maneno kadhaa ya kwao, ambayo nilipoyajaribu kwa paka hayakufanya kazi. Wao wawili walicheka matamshi yangu mpaka wakashikana mabega. Sikuwa nimewahi kumwona mama akimshika mtu bega.

Niliporudi Songea mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na mke wangu anapanda mahindi nyuma ya nyumba. Nilimkabidhi mfuko wa usipa alioletewa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima namna ya kumpa habari, nimezipanga kwa mtiririko mzuri.

"Mama harudi," nikaanza.

"Najua," akasema. Alikuwa ameinama, anafukia mbegu kwa mguu. "Aliniambia tangu mwezi wa nane. Tukalia pamoja pale jikoni, tukamaliza."

"Na wewe hukuniambia?"

"Alinikataza." Akajinyoosha, akashika kiuno. "Alisema tukuache kwanza umshughulikie paka, angalau uwe na kazi ya kufanya."

Nilisimama pale na viatu vya safari kwenye tope. Kisha nikavivua, nikachukua bakuli la mbegu mikononi mwake. Yeye akachimba mashimo, mimi nikawa nadondosha mbegu, mbili mbili, mpaka tukamaliza mstari wa mwisho.